Blair: mlima una wenyewe, kijiji hakina

Mtanzania akisikia neno kijiji, linamjia pamoja na watu wake: mwenyekiti, mtendaji, halmashauri ya kijiji, na ule mkutano mkuu ambao kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kusimama akasema. Mkutano unaweza kuchelewa saa nzima, mwenyekiti anaweza kuwa mtu wa hovyo, na muhtasari unaweza kuandikwa watu wakiwa wamekwisha kwenda kulala. Hata hivyo upo, na mwekezaji anayetaka ardhi hana budi kupita hapo, japo kwa kutimiza utaratibu tu.

Watu wa Blair hawana hata huo utaratibu wa kutimizwa. Blair ni mkusanyiko wa nyumba katika kaunti ya Logan, kusini mwa jimbo la West Virginia, zilizojipanga kando ya barabara namba 17 na kijito cha Spruce Fork. Bonde lenyewe ni jembamba mno hivi kwamba barabara, maji na baraza za nyumba vinagombania nafasi ileile. Kwa sheria za Marekani mahali kama hapa hapajasajiliwa kuwa mji. Hapana meya, hapana baraza, hapana polisi wa mahali, hapana bajeti, wala mstari kwenye ramani ya serikali unaosema Blair inaanzia hapa na kuishia pale. Serikali ya karibu zaidi ni tume ya kaunti, yaani watu watatu wanaoketi katika mji wa Logan, ng'ambo ya mlima.

Mlima huo nao unaitwa Blair, na ndio uliofanya jina la kijiji kidogo hivi lifahamike. Mwaka 1921 wachimba makaa walipigana hapo na jeshi la mkuu wa polisi wa kaunti. Tangu miaka ya 1990 umepiganiwa tena, safari hii mahakamani, kati ya kampuni zilizotaka kuuvunja ili kutoa makaa na watu waliotaka ubaki ulivyo. Magomvi haya mawili kwa kawaida husimuliwa kama ni ya ajira dhidi ya mazingira, au ya mtaji dhidi ya kazi. Sikatai, yote hayo yamo. Ila nikiyafuatilia tangu mwanzo naona jambo moja ambalo pande zote mbili hulipita haraka: hapajawahi kuwapo kiti mezani chenye jina la Blair. Kila aliyezungumzia kijiji hicho alitoka kwingine, au alizungumza kwa niaba yake mwenyewe.

Kukosekana kwa kiti hicho kuna historia. Reli ilipoingia katika mabonde ya kusini mwa West Virginia, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kampuni zilikuta milima mitupu isiyo na pa kulala wafanyakazi. Zikajenga kambi. Neno hilo kambi ndilo wao wenyewe walilolitumia, na linafaa. Nyumba ilikuwa mali ya kampuni, daktari ni wa kampuni, duka ni la kampuni, na mara nyingi kanisa na shule navyo vilisimama kwa hisani ya kampuni. Hata pesa ilikuwa ya kampuni. Ukiona moja ya sarafu hizo leo kwa wakusanyaji wa vitu vya kale, ni kijiduara chepesi cha shaba kilichotobolewa katikati ili kisifanane na pesa ya serikali, kikiwa na jina la kampuni na thamani yake kwa bidhaa. Ukikipeleka duka lisilo la kampuni, ama wanakikataa ama wanakipunguza thamani. Mtu alichimba makaa ya kampuni, akalipwa vijiduara vya kampuni, akanunua unga wa kampuni, akalala chini ya bati la kampuni. Akigoma, siku hiyohiyo anakosa vyote vinne.

Katika hali hiyo, kuifanya kambi kuwa mji wenye hati yake hakukuwa na faida yoyote kwa mwenye mgodi. Mji wenye meya ni mji wenye mtu wa kubishana naye. Ushahidi wake ni Matewan, katika kaunti jirani ya Mingo. Matewan ulikuwa mji kamili, una meya na una mkuu wake wa polisi. Tarehe 19 Mei 1920 walinzi wa kukodi wa shirika la Baldwin-Felts walifika hapo kuzitoa nje familia za wachimbaji waliojiunga na chama cha wafanyakazi, UMWA. Meya Cabell Testerman na mkuu wa polisi Sid Hatfield wakawauliza swali ambalo katika kambi hakuna ambaye angeweza kuliuliza: hati ya mahakama iko wapi? Zikafyatuka risasi. Watu 10 walikufa, saba kati yao wakiwa walinzi, na meya mwenyewe akapata jeraha lililomuua. Hatfield alinusurika, akashitakiwa, akaachiwa, na tarehe 1 Agosti 1921 akauawa pamoja na rafiki yake Ed Chambers kwenye ngazi za mahakama ya mji wa Welch.

Linganisha na Logan. Huko mwenye nguvu alikuwa Don Chafin, sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, na haikuwa siri kwamba umoja wa wenye migodi ndio uliowalipa mishahara manaibu wake. Mtu wa kambi aliyenyanyaswa na mlinzi wa mgodi angekwenda kushtaki kwa nani? Kwa naibu wa sherifu anayelipwa na mgodi. Hiyo ndiyo tofauti kati ya Matewan na kambi za Logan, na sioni kama inatiliwa uzito unaostahili. Tunasimuliwa Matewan kama kisa cha mashujaa wenye bastola, na bastola zilikuwapo kweli, lakini bastola ya Hatfield ilikuwa na cheo nyuma yake, na cheo hicho kilitoka kwenye baraza la mji na si ofisi ya kampuni.

Habari za kifo cha Hatfield zilipoenea, wachimbaji walikusanyika Marmet, karibu na Charleston, mji mkuu wa jimbo. Mwishoni mwa Agosti 1921 waliokuwa njiani wanakadiriwa kufika 10,000, weupe, weusi, na wahamiaji kutoka Italia na Ulaya ya mashariki, wamejifunga leso nyekundu shingoni ili wajuane. Walikuwa wakielekea Mingo, ambako wenzao walikuwa wametiwa ndani chini ya amri ya hatari. Kufika Mingo lazima uvuke Logan, na kuingia Logan kwa njia ile lazima uvuke mlima Blair. Chafin alipanga watu wake, takriban 3,000, juu ya kilele pamoja na bunduki za rashasha. Alikodi hata ndege za kiraia zikadondosha mabomu ya kutengeneza nyumbani. Walipigana kwa siku kadhaa hadi Rais Warren Harding alipotuma jeshi la shirikisho. Wachimbaji wengi walikuwa wametoka juzijuzi tu kwenye Vita Kuu ya Kwanza wakiwa askari wa nchi hiyohiyo, na hawakuwa tayari kuipiga bendera yao. Wakashusha silaha wakarudi nyumbani. Bill Blizzard, mmoja wa viongozi wao, alishitakiwa mwaka 1922 kwa uhaini huko Charles Town, katika jengo lilelile alimohukumiwa mpinga utumwa John Brown mwaka 1859, akaachiwa huru. Chama chenyewe kilidhoofika vibaya katika jimbo hilo mpaka sheria za Rais Roosevelt za mwaka 1933 zilipoleta haki ya kujiunga bila kufukuzwa kazi.

Kuanzia hapo kwa muda wa kama miaka 40 au 50, chama kikawa ndiyo serikali ambayo kambi hazikupata kuwa nayo. Tawi la chama ndilo lililokuwa na mwenyekiti, mikutano, mfuko wa matibabu na wa pensheni, na mtu wa kupigiwa simu mambo yakiharibika. Haikuwa serikali ya kila mtu. Mjane alikuwamo kwa jina la marehemu mumewe, na mwalimu hakuwamo kabisa. Lakini ilitosha kuwafanya watu wasione kwamba kuna kitu hawana. Kisha mashine zikaingia. Katika miaka ya 1940 West Virginia ilikuwa na wachimba makaa zaidi ya 100,000. Siku hizi hawafiki 20,000. Chama kilipokonda, pengo la zamani likaonekana tena, na ndilo lililokuwa wazi kampuni zilipouelekea mlima wa Blair kwa njia mpya.

Njia hiyo mpya inahitaji kuelezwa, kwa sababu aliyezoea kufikiria mgodi kama shimo hawezi kuipata picha. Badala ya kumfuata mwamba wa makaa chini kwa chini, mlima unakatwa kutoka juu. Msitu unafyekwa, mashimo yanatobolewa, yanajazwa mchanganyiko wa mbolea ya naitreti na mafuta ya dizeli, unalipuliwa. Halafu unakuja mtambo wa kuzoa, mrefu kama jengo la ghorofa nyingi, unaoondoa kila kisicho makaa, na hicho ndicho kingi. Kifusi hakina pa kwenda isipokuwa bondeni. Kinamwagwa kwenye vijito vya juu, na kijito kilichofunikwa hakirudi. Ukilitazama eneo la Blair kwa picha za setilaiti, kijani cha msitu kinakatika ghafla na kuwa mabaka ya rangi ya ugoro, yamenyooshwa ngazi kwa ngazi kama kinyozi aliyeachia kazi katikati.

Mgodi wa namna hiyo, Dal-Tex wa kampuni ya Arch, ulikuwa ukifanya kazi pale Blair katika miaka ya 1990. Waliokuwa wakiishi chini yake walilalamikia vumbi kwenye baraza na kwenye nguo zilizoanikwa, visima vilivyokauka, nyufa ukutani kila baada ya mlipuko, na mawe yaliyorushwa. Kampuni ikaanza kuzinunua nyumba, na kabla ya muongo kwisha ilikuwa imenunua zaidi ya nusu. Iliripotiwa kwamba mikataba mingine ilimfunga muuzaji asirudi kuishi karibu wala kupinga shughuli za mgodi.

Na hapa ni lazima tuwe waadilifu kwa kampuni na kwa waliouza. Aliyeuza hakuporwa. Nyumba iliyo chini ya mgodi haina mnunuzi mwingine, na kampuni ilitoa pesa taslimu ambazo hapana mtu yeyote angezitoa. Mtu mwenye mtoto mwenye pumu na kisima kilichokauka, akipewa hundi, atakuwa mwendawazimu kukaa ili amfurahishe mwanaharakati wa mjini. Tatizo liko kwenye namna uamuzi ulivyopitishwa. Ulipita nyumba kwa nyumba, sebuleni, kila familia peke yake mbele ya mwanasheria wa kampuni. Hakuna aliyeitisha kikao kuuliza: tukiuza sisi wa chini, wa juu watabaki na nani? Shule itabaki na watoto wangapi? Kijiji kilipunguzwa kaya moja moja mpaka wasiotaka kuondoka wakajikuta wameondokewa.

Mwaka 1998 wakazi wachache wa Blair na maeneo ya jirani, pamoja na jumuiya ya wanamazingira ya West Virginia, walifungua kesi ya shirikisho kupinga upanuzi uliopangwa, mgodi wa Spruce No. 1, ambao katika mpango wake wa kwanza ungechukua zaidi ya ekari 3,000 na kufukia kilomita nyingi za vijito, kikiwamo kile cha Pigeonroost. Mwaka 1999 Jaji Charles Haden alisimamisha mradi, na mwezi Oktoba akaamua kwamba sheria ya migodi ya mwaka 1977 hairuhusu kifusi kutupwa ndani ya vijito vinavyotiririka. Mahakama ya rufaa iliitengua hukumu hiyo mwaka 2001, si kwa kusema jaji alikosea kuhusu vijito. Sababu ilikuwa kwamba jimbo halikupaswa kushitakiwa katika mahakama ya shirikisho kwa jambo hilo. Lakini wakati huo Dal-Tex ulikuwa umekwisha kufungwa, na zaidi ya wafanyakazi 300 wamepoteza kazi.

Hao 300 ni watu wa kusimama nao kidogo, kwa maana simulizi nyingi huwakimbia. Walikuwa wanachama wa UMWA. Walikuwa, kwa nasaba na kwa kadi, warithi wa wale wa leso nyekundu. Mshahara wa mwanachama kwenye mgodi ulikuwa bora kuliko chochote kingine katika kaunti, pamoja na bima ya matibabu, katika sehemu ambayo kazi iliyobaki ni ya dukani au ya kulea wagonjwa. Aliyekuwa akiendesha katapila pale juu hakuona anaua mlima. Aliona analipia ada ya chuo ya bintiye. Kwake yeye, waliokwenda mahakamani waliokota sheria wakaitumia kumnyang'anya kile ambacho babu yake alipigwa risasi akikitafuta. Na upande wake una hoja nyingine ambayo watu wa tambarare hawaioni haraka. Katika kaunti ambayo ardhi ya kujenga imebanwa kati ya mto na mwamba, na mafuriko hubeba nyumba, ardhi tambarare ni mali. Juu ya migodi ya namna hii pamejengwa magereza, viwanja vya ndege, na huko Mingo hata uwanja wa gofu uliopewa jina la Twisted Gun. Hoja hii ingekuwa na nguvu zaidi kama ardhi nyingi iliyosawazishwa ingejengwa chochote. Sehemu kubwa imebaki nyasi.

Mwezi Agosti 1999 ukatokea mkasa ambao, kama ungetungwa, msomaji angesema mwandishi kazidisha. Kikundi kidogo kilianza kuirudia njia ya mwaka 1921 kutoka Marmet kwenda Blair, kupinga ukataji wa milima. Miongoni mwao alikuwamo Ken Hechler, mzee wa zaidi ya miaka 80, wakati huo akiwa waziri wa jimbo wa kuchaguliwa, mtu ambaye akiwa bungeni Washington alikuwa mstari wa mbele kuipigania sheria ya usalama wa migodi ya makaa ya mwaka 1969. Hawakufika mbali. Watu wenye hasira ya ajira waliwazuia, wakawarushia mayai, na mzee yule akapigwa teke. Waandamanaji wa kuwakumbuka wachimbaji wamepigwa na wanaowatetea wachimbaji, kwenye barabara ya wachimbaji. Sidhani kama kuna upande unaoweza kujidai kwamba siku hiyo ulikuwa na 1921 mfukoni.

Spruce No. 1 ulirudi. Mwaka 2007 jeshi la wahandisi la Marekani lilitoa kibali cha mpango uliopunguzwa, ekari zaidi ya 2,200. Mnamo Januari 2011 mamlaka ya mazingira, EPA, ikaifuta sehemu kubwa ya ruhusa hiyo, ikisema kuzika vijito vya Pigeonroost na Oldhouse kungeleta madhara yasiyokubalika kwa maji na viumbe. Kampuni ilipiga kelele, na kwa hili nasema ilikuwa na haki ya kupiga kelele. Mtu ameomba kibali, amesubiri kwa miaka, amepewa, halafu chombo kingine cha serikali ileile kinakuja karibu miaka minne baadaye na kusema hapana. Mwenye duka la Kariakoo angelielewa lalamiko hilo bila mkalimani. Jaji wa kwanza alikubaliana na kampuni mwaka 2012. Mahakama ya rufaa ikaona vingine mwaka 2013: sheria ya maji safi inaipa EPA mamlaka hayo wakati wowote inapoona inafaa, na Mahakama Kuu ya nchi ilikataa kuisikiliza kesi mwaka 2014. Vijito viwili vikapona.

Nikivipima pamoja, naegemea upande wa vijito, na sababu yangu si ya kishairi. Makaa yakitolewa, yametolewa. Ajira ya mgodi wa juu hudumu kadiri mwamba unavyodumu, na watu wanaohitajika kwa kila tani ni wachache kuliko walivyokuwa chini ya ardhi. Maji hayana tarehe ya kufungwa. Na kaunti hii imekwisha kuona kifusi kikilazwa ovyo. Tarehe 26 Februari 1972, katika bonde la Buffalo Creek, bwawa la maji machafu ya makaa lilipasuka na kuua watu 125, likafagia kambi moja baada ya nyingine, nyingi zikiwa hazina meya kama Blair. Kampuni ya Pittston ilisema ni kazi ya Mungu. Mbele ya kumbukumbu hiyo, anayedai ahakikishiwe mara mbili kuhusu kinachowekwa juu ya kichwa chake si mkorofi.

Ila nikisema hivyo, najua nimeketi wapi. Mimi sina deni la nyumba Logan.

Kisa cha tatu ndicho kinachoionyesha vizuri zaidi hali ya kijiji kisicho na mwenyewe. Wahifadhi walitaka uwanja wa mapigano uingizwe katika orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria. Mkazi mmoja wa Logan, Kenneth King, alikuwa ametumia miaka akitembea juu ya kilele akiokota maganda ya risasi na kuyawekea alama kwenye ramani, mpaka ikaonekana wazi nani alisimama wapi na kwa silaha gani. Mwezi Machi 2009 ekari zipatazo 1,600 ziliingizwa. Kabla mwaka haujaisha, zikaondolewa. Jimbo lilisema limehesabu upya, na kumbe wamiliki wengi wa ardhi wanapinga. Kwa utaratibu, wengi wao wakipinga, eneo haliingii. Wanasheria wa upande wa uhifadhi walipoipekua hesabu hiyo, walikuta miongoni mwa wapinzani marehemu wawili, mmoja amelala kaburini kwa karibu miaka 30.

Marehemu walihesabiwa kwa sababu majina yao yalikuwa kwenye hati za ardhi. Kwa utaratibu huo anayeulizwa ni mwenye hati, na sehemu kubwa ya milima ya Logan, pamoja na kilichomo chini yake, iko mikononi mwa kampuni za makaa na za ardhi, nyingi zikiwa na makao yao mbali. Huko Marekani madini yanaweza kuwa mali ya mtu binafsi, na yanaweza kuuzwa mbali na ardhi iliyo juu yake. Unaweza kuwa na shamba lakini huna makaa yaliyo chini ya shamba, kwa kuwa babu yako aliyauza karne ya 19 kwa bei ya sigara. Mpangaji wa Blair, aliyezaliwa chini ya mlima na ambaye mzee wake alipigana juu yake, hakuwa na kura hata nusu. Marehemu alikuwa nayo nzima. Wanaoipinga orodha wana jibu, na si jibu la kipuuzi: mali ni mali, na ukianza kumpa jirani kura juu ya ardhi ya mwenzie, kesho atapiga kura juu ya yako. Lakini hapo tena chaguo limekuwa kati ya mwenye hati na mwanaharakati. Kijiji, kama kijiji, hakimo. Mwaka 2016 Jaji Reggie Walton alisema kuondolewa kule kulikuwa kinyume cha sheria, na mwaka 2018 uwanja ukarudishwa kwenye orodha.

Je, tatizo lingekwisha kwa kuisajili Blair iwe mji? Nilianza kuandika nikidhani jibu ni ndiyo, na sasa sina uhakika huo. Iangalie Gary, kaunti ya McDowell. Ilikuwa kambi kubwa ya kampuni ya chuma ya US Steel. Mwaka 1971 ikafanywa mji, ikapata meya na baraza. Mwaka 1986 US Steel ikafunga kazi na kuondoka, ikamwachia meya mabomba ya maji yaliyozeeka na watu wasio na mshahara wa kukatwa kodi. Mji una sauti, lakini sauti inataka ankara ilipwe. Watu wengi wa mabonde hupenda kutokuwa mji kwa sababu hiyohiyo: hakuna kodi ya mji, hakuna ofisa wa kuuliza kibali cha banda, na kila mtu ni bwana kwake. Baada ya kizazi kizima kilichoishi kwenye nyumba za kampuni, kutotawaliwa na mtu wa karibu ni anasa, na siwezi kuwacheka. Tena Matewan yenyewe ilikuwa na meya, na meya alizikwa.

Kinachonizuia kuikubali hoja hiyo moja kwa moja ni tofauti kati ya kushindwa na kutokuwapo. Testerman alishindwa, lakini swali lake la hati ya mahakama liliulizwa, likaandikwa, likaingia kwenye kesi na kwenye ushahidi mbele ya kamati ya Seneti mwaka 1921. Gary ilifukarika, lakini kuna mtu anayeweza kuandika barua yenye muhuri kuomba pesa za kutengeneza maji. Blair iliponunuliwa nyumba kwa nyumba, hakukuwa na muhuri wa kugonga popote.

Kwa hiyo mkazi wa Blair mwenye lalamiko leo, la maji, la barabara, la nyumba ya jirani iliyobaki gofu tangu iuzwe, anafanya ambacho wamefanya wote waliomtangulia. Anawasha gari na kuifuata barabara namba 17 kuelekea Logan, zilipo ofisi za wale watu watatu. Barabara inapanda kwa kona kali mpaka kwenye kilele walichoshindwa kukivuka wale wa leso nyekundu, kisha inateremka upande wa pili.